Matanga ya Sheria ya Funda

1

Nimefuta sheria thelathini na moja kwa mikono hii, na ya thelathini na mbili niliifuta kwa mdomo, ndiyo maana leo naandika badala ya kusema. Nitafika huko. Msinikimbize, maana tangu utoto mimi ni mtu wa kuanza jambo pale linapoanzia.

Katika Baraza la mji wa Magadini, waliotembea vifua mbele ni watunga sheria. Walikuwa ghorofani, na chai waliletewa. Sisi wa Ofisi ya Kufuta tulikuwa chini kabisa, jirani na choo, watu sita na feni moja inayolia. Lakini nawaambieni ukweli, kutunga sheria kunataka mtu mwenye hasira na kalamu basi. Kufuta kunataka akili. Sheria haifi yenyewe, jamani. Sababu yake inakufa, inaoza, watu wanasahau hata ilikuwa na sura gani, lakini sheria imesimama palepale na rungu lake, inampiga kila anayepita.

Mgeni asiyeijua Magadini ajue hili. Mji umekaa juu ya uwanda wa magadi, mweupe mpaka macho yanauma, na maji ya chini yake ni machungu. Mwaka wa ukavu mkubwa kila mkazi alitiwa ushanga kooni, mdogo kama punje ya choroko. Ushanga ule unahesabu mafunda. Arobaini kwa siku, mzee kwa mtoto, tajiri kwa mwombaji. Na shanga zote zinapeleka habari kwenye mtambo mmoja tunaouita Sikio, uliofungwa chini ya jengo la Baraza. Sikio halioni kitu. Linasikia tu, ila linasikia mji mzima.

Mafunda yalipogawanywa sawa, wenye nguvu wakaanza kuwaendea wanyonge. Nipe yako, kwa hiari yako. Mume kwa mke, mwenye nyumba kwa mpangaji, baba wa kambo kwa mtoto asiye wake. Kila aliyeulizwa alijibu kwamba ametoa kwa moyo mweupe, na huku midomo imempasuka. Watu walikufa wakiwa wametoa kwa hiari. Ndipo Baraza likatunga Sheria ya Funda, kali, na kiini chake kifupi: maji ya mtu ni ya koo lake, hatampa mwingine, hata akipenda. Atakayempa atafungwa sauti miaka ishirini kwa ushanga uleule unaohesabu maji yake.

Mimi siitukani sheria ile. Iliokoa watu. Ila miaka mitatu iliyopita mitego ya umande ilisimamishwa kilimani, maji yakaanza kutiririka mchana na usiku, watu wakaosha baiskeli na kumwagilia maua. Mgao ukaondolewa. Sheria ikabaki. Mwaka jana bibi harusi mmoja alimnywesha mumewe kikombe chake mbele ya wageni, akamwambia, "Kunywa yangu." Kabla vigelegele havijaisha, Sikio lilikuwa limeshamhukumu. Alivaa shela akiwa bubu. Hata Baraza, ambalo aibu hulichelewea sana, safari ile lilipata aibu.

Mswada wa kufuta ukaletwa kwangu niuandike.

2

Sasa niwape la nyumbani, maana bila hilo hamtanielewa, na mkinielewa pengine mtanichukia, basi nichukieni mkiwa mnajua.

Naitwa Kalunde. Nyumbani tulikuwa watatu: mama yetu, ambaye vumbi la magadi lilimaliza macho yake zamani, mimi, na mdogo wangu Nyanzala. Nyanzala alikuwa muuza vitumbua sokoni na mdomo wake haukujua likizo. Alitania wateja, alisengenya wasio wateja, aliimba akikosa wa kusema naye. Mama alikuwa akisema kwamba Nyanzala akilala ndipo nyumba inapata giza, na yeye ni kipofu.

Miaka tisa iliyopita mama alipata homa kali. Siku ya tatu alikuwa haelewi yuko wapi, anaita watu waliokufa, na mafunda yake arobaini yalikwisha kabla ya saa sita. Nyanzala alikuwa jikoni, naye ana homa yake. Mimi nilikaa kitandani kwa mama nikamnywesha maji yangu kwa kijiko. Mafunda kumi na nane. Nilihesabu, kwa sababu ni mtu wa kuhesabu. La kumi na nane lilipopita, Sikio likasema ndani ya shingo zetu sote, kwa ile sauti yake isiyo na hasira wala huruma. Mwanamke huyu amezidisha. Nani kampa? Asipokiri mtu, aliyepokea ataadhibiwa.

Nilikuwa nimeajiriwa Ofisi ya Kufuta siku kumi na moja tu. Najua hilo si kisingizio. Nilifungua mdomo na ulimi ukakataa. Nyanzala akatokea jikoni ameshika upawa, akanitazama mara moja, akasema, "Ni mimi."

Sikio likaniuliza kama shahidi. Je, nathibitisha?

Nikasema, "Nathibitisha."

Neno moja. Mara elfu nimejaribu kulikumbuka kama neno la mtu mwingine. Nyanzala akapewa dakika tatu za kuaga, kama kila anayehukumiwa. Dakika zile watu huziita za dhahabu, husema na wazazi, huimba, huapa. Yeye alikaa akamwimbia mama wimbo wa kumbembeleza mtoto, mama haelewi kitu, na katikati ya ubeti sauti ikakatika kama bomba linapofungwa.

Mama alipopona alikuta ana binti mmoja mwenye sauti na mmoja asiye nayo. Kipofu na bubu watasemezanaje? Nyanzala akawa anaandika kwenye kibao kwa chaki, nami namsomea mama. Kila jioni, miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa Nyanzala.

Mwaka wa kwanza, jioni moja, aliniandikia maneno mawili: Mwambie mama. Aliyaandika makubwa, akayapigia mstari. Mama alikuwa ameinua uso anangoja. Nikasoma, "Nyanzala anasema chakula cha leo kilikuwa kitamu."

Nyanzala alikifuta kibao kwa kiganja. Hakuandika tena maneno yale. Na mama, ambaye hakupata kuambiwa kwamba maji yale niliyatoa mimi, alizoea kusema kwamba Nyanzala angekuwa na busara ya dada yake yasingemkuta. Nami nilikaa pale nikanyamaza. Sauti ninayo, nikanyamaza.

3

Kufuta sheria Magadini kuna desturi yake, na desturi ile ilianza kwa msiba. Kabla sijazaliwa, Baraza lilifuta sheria ya vifuniko vya visima kwa kuwa hakuna aliyekumbuka ilikuwa ya nini. Watu wakang'oa vifuniko kutengenezea majiko. Mwezi haukuisha, watoto saba walikuwa wamezama. Tangu siku hiyo hakuna sheria inayofutwa bila matanga. Maandishi yake huchapwa kwenye kitambaa cheupe, kitambaa hulazwa juu ya mkeka katikati ya ukumbi, watu hukaa chini kuizunguka sheria kama wafiwa. Kisha zinasikika sauti mbili. Kwanza aliyeokolewa na sheria ile, aseme ilimwokoa na nini, ili tujue tunachokizika. Pili aliyeumizwa nayo, yaani aliyeandikwa katika kitabu cha adhabu, aseme ilimfanya nini. Kila mmoja humalizia kwa kusema, nairuhusu ilale. Sikio likisikia sauti zote mbili linajibu, imesikika, na sheria inatoka katika kila ushanga wa mji mara moja.

Zikikosekana hadi saa kumi na moja jioni, sheria inaamka. Na sheria iliyoamka haiguswi tena kwa miaka saba.

Mswada niliuandaa kwa mapenzi kama mtu anavyoshona nguo ya sikukuu. Nyuma nikaweka jedwali la majina ya watakaorudishiwa sauti siku ileile: majina mia mbili na kumi na nne. Jina la Nyanzala lilikuwa la sitini na tatu. Baraza likapitisha, jedwali likafungwa kwa muhuri mwezi mzima kabla ya matanga. Na mwisho, kwa mazoea, nikabandika kifungu ambacho nimekibandika kwenye kila mswada tangu niajiriwe, hata sikukisoma: mtu yeyote asiyetajwa katika jedwali ataendelea na adhabu yake kana kwamba sheria haikufutwa. Ni maneno ya kawaida ya ofisini. Yanafanya ukurasa uonekane umekamilika.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Mkuu wetu, Bwana Ndahani, mtu mpole anayetokwa jasho hata kukiwa na baridi, alikuwa amevaa kanzu mpya. Mabubu mia mbili na kumi na nne waliketishwa mbele kama wageni wa heshima, kila mmoja na kibao chake. Bibi harusi yule alikuwapo na mumewe. Nyanzala alikuwa mstari wa pili, amejifunga kitenge chake cha sokoni.

Bi Mazoya alisimama kwanza. Ni mwanamke wa makamo, mwoka mikate, na alipokuwa na miaka minane baba wa kambo alikuwa akimwambia kila asubuhi kwamba hana kiu. Alisema hivyo tu, kwamba aliambiwa hana kiu mpaka akaanza kuamini, hadi siku sheria ilipotoka na yule mwanamume akaogopa. Alisema anaipenda sheria hii na hatamruhusu mtu aitukane. Kisha akalia, akasema, "Lakini nairuhusu ilale."

Sikio likajibu kupitia kipaza sauti cha darini kwamba sauti ya kwanza imesikika. Likasema, "Aliyeumizwa aseme."

Na ukumbi ukawa kimya.

Nisikilizeni. Sisi watu sita wa Ofisi ya Kufuta, wenye vyeti, tuliokaa miezi minne na mswada ule, tulipanga viti, tulipanga uji, tulihesabu vibao na chaki za akiba. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba walioumizwa na sheria ile ni wale wale iliyowanyang'anya sauti. Tulizoea. Sheria thelathini na moja zilipita bila shida, kwa nini hii? Wale wageni wa heshima wakainua vibao vyao wote kwa pamoja, mia mbili na kumi na nne, nairuhusu ilale, nairuhusu ilale, kwa herufi za kila namna. Na Sikio halina macho.

"Aliyeumizwa aseme," likarudia.

Bwana Ndahani akasimama kuwasemea. Sikio likamjibu kwamba sauti hii haikuumizwa. Mume wa bibi harusi akasema yeye ameumizwa kuliko mkewe. Jibu likawa lilelile. Saa ilikuwa tisa na nusu. Mzee Chilongani, mlinzi wetu wa mlangoni, mtu ambaye nilidhani hafikirii chochote zaidi ya ugoro wake, akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alichukua kikombe chake cha uji akampa mtu wa pembeni, akasema kwa nguvu, "Kunywa yangu." Alikuwa anajitoa ahukumiwe, ili kwa zile dakika tatu za kuaga awe mtu aliyeumizwa na mwenye sauti.

Hakuna kilichotokea. Sheria iliyolazwa mkekani haikamati kosa jipya. Kosa la zamani, hilo inalikamata hadi dakika ya mwisho.

Bwana Ndahani ndiye aliyelifikia wazo. Nilimwona linavyomjia usoni. Akageukia umati, watu zaidi ya mia sita, akauliza kwa unyenyekevu kabisa kama kuna yeyote aliyewahi kutoa maji miaka ile na hakukamatwa. Alisema hatamlazimisha mtu. Alisema mtu huyo, akikiri, atafungwa sauti, na kwa kuwa jedwali limeshafungwa, haitarudi mpaka amalize miaka yake yote.

Watu mia sita, na kila mmoja akatazama viatu vyake. Siwalaumu. Mimi pia vyangu nilivitazama, na navijua vizuri, vya kahawia, kisigino cha kushoto kimelika.

4

Nataka niwaambie kwamba nilisimama mara moja. Sikusimama. Nilikaa saa nzima na dakika zake.

Nilijipa sababu zote. Kwamba mama ana miaka themanini na mbili na ananitegemea nimsomee. Kwamba Nyanzala ameshazoea, na miaka saba si ishirini. Kwamba pengine yupo mwingine, ngoja asimame yeye, mbona niwe mimi? Katika mia sita lazima alikuwapo mwingine. Nina hakika walikuwapo wengi. Nilifikiria hata kile kifungu changu cha mwisho, nikajiambia kwamba ni uonevu mtu kuumizwa na maneno aliyoyabandika kwa mazoea. Hilo nililifikiria kwa dhati, na nusura nijihurumie.

Kilichoniinua si ushujaa, msinipambe. Niliinua macho nikakuta Nyanzala amegeuka ananitazama. Hakuwa na kisirani usoni. Alitikisa kichwa polepole, kushoto na kulia. Alikuwa ananikataza. Miaka tisa, na bado ananilinda na upawa wake mkononi. Hasira iliyonishika hapo, hasira ya kuwa mtu wa kulindwa namna ile, ndiyo iliyosimamisha miguu yangu.

Saa kumi na dakika thelathini na tano. Nikataja jina langu, siku, na tendo. Nikasema kwamba nilimpa mama yangu mafunda kumi na nane, kwamba mdogo wangu hakumpa hata tone, na kwamba nilithibitisha uongo.

Sikio likapekua. Likasema kwamba siku ile koo la Kalunde lilipokea mafunda ishirini na mawili, na ya mama yamezidi kumi na nane, na hesabu inakubali. Likasema hukumu ya Nyanzala imetenguka. Likasema Kalunde miaka ishirini, na mitano juu kwa ushahidi wa uongo. Dakika tatu.

Mstari wa pili mtu alikohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu aliyemeza vumbi. Kisha nikasikia sauti ambayo mwanzoni sikuijua, imekwaruza na kushuka, sauti ya mwanamke mzima, na mimi niliyoizoea ilikuwa ya msichana wa sokoni.

"Dada," Nyanzala alisema. "Mpigie mama."

Mjue maana yake. Aliyehukumiwa akitaja jina, Sikio humuunganisha na ushanga wa mtu huyo popote alipo. Ndiyo kazi ya dakika za kuaga. Mama alikuwa nyumbani kwenye kiti chake, na mimi nilikuwa na dakika tatu za kumwambia kwa mdomo wangu mwenyewe jambo nililomficha miaka tisa. Na Nyanzala alikuwa pale, anasema, ninasema. Dakika tatu zilikuwa ndizo pekee katika maisha yetu yaliyobaki ambazo sote wawili tungekuwa na sauti. Nina miaka arobaini na saba. Nilijua kuhesabu.

Nikaliambia Sikio, "Aliyeumizwa yupo. Niulize."

Na Sikio likaanza, kwa utaratibu ambao niliuandika mimi, kunisomea sheria yote na vifungu vyake vidogo kumi na tisa, bila haraka, kama linavyomsomea kila aliyeumizwa. Nilisimama pale nikasikiliza dakika zangu zinavyoisha kifungu baada ya kifungu. Nyanzala alikuwa ananiita. Alisema dada mara nyingi, alisema mengine pia, na sikuyasikia vizuri kwa sababu nilikuwa nalisikiliza Sikio nisije nikakosa mahali pa kujibu. Alikuwa anajaribu kuninong'oneza, na koo lake halikumbuki tena kunong'ona.

Lilipomaliza likauliza sheria hii ilinifanya nini.

Ningeweza kusema vizuri, maneno ninayo. Nikasema tu kwamba ilinifanya mwoga, na woga ulikuwa wangu, ila sheria ndiyo iliyoulipa mshahara. Nikasema, "Nairuhusu ilale."

"Imesikika," likasema Sikio.

Sijui niueleze vipi mlio uliofuata. Watu mia mbili na kumi na watatu walikohoa kwa pamoja. Kisha bibi harusi akacheka, mzee mmoja akaanza kutukana matusi aliyoyaweka miaka kumi na mbili, wengine wakaita majina ya watu wao, wengine wakalia kwa kulia tu. Bwana Ndahani alikuja kunishika mkono, akasema asante, Bi Kalunde, asante sana. Nikafungua mdomo nimjibu karibu. Pumzi ilitoka peke yake.

5

Kitambaa kilizikwa nyuma ya ukumbi, na sisi tukatembea nyumbani jua bado lipo. Nilidhani njiani Nyanzala ataongea mpaka anikere. Watu walikuwa wanaitana barabarani kote, na sisi wawili tunatembea kimya kama zamani.

Mama alikuwa kwenye kiti chake ameshasikia kelele za mtaa. Nyanzala alipiga magoti mbele yake akasema, "Mama, shikamoo."

Mama hakujibu shikamoo. Alinyoosha mikono akaushika uso wa Nyanzala, akapapasa midomo, koo, midomo tena. Akasema sauti imekuwa nzito. Nyanzala akasema ndiyo, mama, nimezeeka nayo. Mama akacheka, machozi yanashuka kwenye macho yale yasiyoona, akataka amwambie yote, alikula nini miaka yote hii, alikuwa anawaza nini, kwa nini alipenda kile chakula cha siku ile alichokisifu. Nyanzala alinitupia jicho hapo, na mimi nikainamisha kichwa.

Kisha mama akageuza uso huku na huku. "Kalunde yuko wapi? Mbona haji kumsikia mwenziwe?"

Nilikuwa nimekaa sakafuni miguuni pake. Nikauweka mkono wangu juu ya goti lake.

"Yupo hapa, mama," Nyanzala alisema. "Huo ni mkono wake."

"Mbona hasemi?"

Nyanzala alinitazama. Miaka tisa nilikuwa nimetia kinywani mwake maneno niliyoyataka mimi, na sasa ilikuwa zamu yake, angeweza kusema lolote. Angeweza kusema nina mafua. Niliona anavyotaka kunilinda tena, na nilijua nikimwachia atafanya. Nikachukua kibao chake, kile kile, na chaki. Nikaandika maneno yale mawili, makubwa, nikayapigia mstari.

Mwambie mama.

Akamwambia. Hakupunguza wala hakuongeza. Alisema ni Kalunde aliyetoa maji, na Kalunde aliyethibitisha, na Kalunde aliyesimama leo. Alisema miaka ishirini na mitano. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyosikiliza habari za redioni. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye goti lake. Nyanzala alipomaliza, mama aliushika mkono ule kwa vidole viwili, akauondoa, akauweka sakafuni taratibu.

Nje watu walikuwa bado wanaitana.

"Muulize," alimwambia Nyanzala, "miaka tisa hii sauti yake ilikuwa ya kazi gani."

Nyanzala akanigeukia. Nikafuta kibao kwa kiganja changu, nikashika chaki. Mama anangoja, ameinua uso. Nyanzala anangoja anisomee. Hayo yalikuwa jana jioni, na nimeandika kurasa zote hizi tangu alfajiri, na kibao bado kiko kitupu hapa magotini.